Mgombea Aulizwe Kwanza, Achaguliwe Baadaye

Ndugu wasomaji wa Mbau, Oicha, Beni na Butembo, ninyi wachimbaji mlio katika mashimo ya zahabu, nanyi akina mama na akina baba wa sokoni, twataka leo kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi wanaliona dogo. Ni jambo la mahojiano, yaani yale maswali ambayo mwandishi wa gazeti au wa redio humwuliza mtu anayetaka uraisi, naye hujibu, na majibu yake husambaa nchi nzima.

Wengi wetu husema, "Hayo ni mambo ya wakubwa wa Kinshasa. Mimi nina shimo langu, nina shamba langu la kakao, gazeti halinipi chakula." Sisi twasema sivyo. Maneno machache yaliyosemwa katika redio yamewahi kuvunja mapatano ya upinzani wa Kongo nzima kwa siku moja tu, na sisi watu wa huku tulikuwa miongoni mwa waliokaa na matokeo yake. Kura nyingine ya uraisi inatazamiwa mwaka 2028. Kabla ya kufika huko, wakubwa wataanza tena kukutana ili kutafuta nani asimame. Basi yafaa tujue sasa jinsi mambo haya yanavyokwenda, tusije tukaamka tena na kukuta kazi imekwisha kufanywa na watu wengine.

Tukumbuke mwaka 2018. Muda wa Raisi Joseph Kabila ulikuwa umekwisha tangu Desemba 2016, na kura ilikuwa imeahirishwa mara kwa mara. Tarehe 8 Agosti 2018, siku ya mwisho ya kupeleka karatasi, yeye na watu wake walimtaja Bw. Emmanuel Ramazani Shadary kuwa mgombea wao. Upande wa upinzani walikuwa wengi, na kila mtu alijua kwamba wakisimama wote watagawana kura na kushindwa wote, kwa maana kura yetu ya uraisi ni ya duru moja, na anayepata nyingi kuliko wenzake ndiye huchukua kiti, hata kama hazifiki nusu.

Ndipo wakubwa saba wakaenda Geneva, katika nchi ya Uswisi, kwa msaada wa Taasisi ya Kofi Annan. Walikuwa Bw. Jean-Pierre Bemba, Bw. Moïse Katumbi, Bw. Adolphe Muzito, Bw. Félix Tshisekedi, Bw. Vital Kamerhe, Bw. Freddy Matungulu na Bw. Martin Fayulu. Watatu wa kwanza hawakuweza kusimama wenyewe. Bemba na Muzito walikuwa wamekataliwa, na Katumbi alikuwa amezuiwa kuingia nchini kuleta karatasi zake. Basi waliobaki kuchaguliwa walikuwa wanne. Tarehe 11 Novemba 2018 wakapiga kura wao kwa wao, wakatia sahihi, wakatangaza kwamba mgombea wa wote ni Bw. Fayulu.

Watu wengi walishangaa. Bw. Fayulu alikuwa depite wa Kinshasa, na kabla ya siasa alifanya kazi katika kampuni kubwa ya mafuta. Lakini huku kwetu si wengi waliokuwa wakilijua jina lake kama walivyolijua jina la Tshisekedi, mwana wa mzee Étienne, au la Kamerhe, mtoto wa Kivu.

Ni nini kilichofuata? Wanachama wa chama cha Bw. Tshisekedi walikusanyika Limete, wakiwa na hasira kubwa, wakisema hawakuulizwa. Siku iliyofuata, tarehe 12 Novemba, Bw. Tshisekedi akasema katika redio ya Kinshasa kwamba anaondoa sahihi yake, kwa kuwa watu wake wameyakataa mapatano yale. Siku ile ile Bw. Kamerhe naye akaondoa yake. Yaliyojengwa kwa siku kadhaa huko Ulaya yakabomolewa kwa dakika chache mbele ya kipaza sauti. Tarehe 23 Novemba hao wawili walikuwa Nairobi, wakitia sahihi mapatano yao wenyewe.

Wako wanaosema kwamba mtu anayeondoa sahihi yake ni mwongo, na basi. Sisi hatutaki kuhukumu haraka hivyo. Kiongozi anayewasikiliza wanachama wake hafanyi dhambi. Swali letu ni jingine. Kwa nini wanachama hao waliulizwa baada ya sahihi, wala si kabla? Watu saba walipiga kura. Mchimbaji hakupiga. Mwalimu hakupiga. Mama anayeuza samaki hakupiga. Hata katibu wa chama katika kata hakupiga. Basi kura ya kweli, ile ambayo watu wanasema "huyu twamtaka" na "huyu hatumtaki", haikupigwa Geneva. Ilipigwa siku ya pili, kwa kelele za barabarani na kwa maneno ya redio.

Na hilo ndilo fundisho tunalotaka lishikwe. Pale ambapo wanachama hawapewi karatasi ya kumchagua mgombea wao, mahojiano ya gazeti na redio ndiyo yanayogeuka kuwa kura. Aliye na redio karibu anasema, aliye karibu na mlango wa chama anapiga kelele, na aliye mbali, kama sisi wa Mbau, anapata habari jambo likiwa limekwisha. Nasi ni wengi, tena tulio mbali ndio tunaobeba mzigo.

Tusidhani kwamba shida hii ni ya Kongo peke yake. Tuwatazame jirani zetu wa Tanzania. Mwaka 2015 chama chao kinachotawala, CCM, kilikuwa kinatafuta mtu wa kumrithi Raisi Jakaya Kikwete. Waliochukua fomu walikuwa karibu 40. Kwa muda mrefu magazeti ya Dar es Salaam yalijaa majina na mahojiano, huyu amesema hivi, yule amemjibu vile. Mwaka 2014 chama kilikuwa kimekwisha kuwapa adhabu wakubwa sita kwa sababu ya kuanza kampeni kabla ya wakati, na kati yao alikuwa Bw. Edward Lowassa, aliyekuwa waziri mkuu, mtu aliyejulikana na mwenye wafuasi wengi kupita kiasi.

Julai 2015 wakaenda Dodoma. Kamati za chama zikachuja, wakabaki watano, kisha watatu, na jina la Bw. Lowassa halikufika hata kwenye watano. Aliyechaguliwa ni Bw. John Magufuli, waziri wa ujenzi, ambaye alichukua fomu yake kimya bila makelele mengi. Mkutano mkuu ulimpa zaidi ya asilimia 87 ya kura. Mwisho wa mwezi ule ule Bw. Lowassa akahamia Chadema, akasimama huko, na mwezi wa Oktoba akapata karibu asilimia 40 ya kura za nchi.

Twaona nini hapo? Kwamba mahojiano yanaweza kumjenga mtu barabarani na kumbomoa katika kamati. Wale walioonekana sana magazetini walihesabiwa kuwa wana haraka, na aliyenyamaza akahesabiwa kuwa mtii. Wahenga walisema, mdomo uliponza kichwa. Lakini sisi hatulisifu jambo hilo hata kidogo. Mgombea anayeshinda kwa sababu hakusema kitu ni mfuko uliofungwa. Wananchi wanaubeba hadi nyumbani, na huko ndiko wanakoufungua na kuona kilichomo. Bw. Shadary naye, mwaka 2018, hakuchujwa kwa maswali ya mtu yeyote. Alitajwa, na siku ile ile karatasi zikapelekwa.

Sasa twende mbali zaidi, Marekani, kwa kuwa wao wana desturi ambayo sisi hatuna. Huko chama hakimchagui mgombea wake katika chumba. Wanachama na wapiga kura wenyewe hupiga kura ya kwanza, jimbo baada ya jimbo, miezi kadhaa kabla ya kura kubwa. Katika miezi hiyo magazeti humwita mgombea mezani, wahariri wakakaa naye, wakamwuliza.

Mwaka 2016 Bw. Bernie Sanders alikuwa akishindana na Bi. Hillary Clinton. Bw. Sanders alikuwa amewasimamisha vijana na wafanyakazi kwa neno moja kubwa, kwamba mabenki makubwa yavunjwe, maana yanawanyonya watu. Mwezi wa Aprili akaketi na wahariri wa gazeti la Daily News la New York. Wakamwuliza: vizuri, utayavunjaje? Kwa sheria gani? Ni nani mwenye mamlaka hayo? Na baada ya hapo watu wa mabenki watakwenda wapi? Majibu yake katika mambo hayo hayakuwa imara, na gazeti likachapisha mazungumzo yote, swali kwa swali na jibu kwa jibu, tarehe 4 Aprili. Wapinzani wake wakayachukua na kuyapeleka kila mahali. Tarehe 19 Aprili watu wa New York wakapiga kura, na Bi. Clinton akapata asilimia 58 kwa 42.

Mtu wa haraka atasema, basi gazeti ndilo lililomwangusha. Lakini tupime kwa haki. Tarehe 5 Aprili, siku moja tu baada ya mazungumzo yale kuchapishwa, Bw. Sanders alishinda katika jimbo la Wisconsin. Na New York ilikuwa nyumba ya Bi. Clinton, aliyekuwa seneta wa huko kwa miaka 8. Tena gazeti lile lile baadaye lilisema waziwazi kwamba linamtaka Bi. Clinton. Kwa hiyo hatusemi kwamba mahojiano yana nguvu ya uchawi. Twasema kwamba yalifanya kazi yake. Yalimtoa mtu katika wimbo wake wa kila siku, yakamlazimisha kuonyesha njia, na watu wakapewa siku 15 za kusoma na kufikiri kabla ya kupiga kura. Waliompenda waliendelea kumpenda, na walio na shaka walipata sababu zao. Kila mtu aliyepiga kura alijua anamchagua nani.

Sisi tulipewa siku ngapi za kufikiri juu ya mapatano ya Geneva? Hata moja haikutimia.

Liko tena jambo la lugha na la msomaji. Wakubwa wetu wanapenda sana magazeti ya ng'ambo. Twakumbuka mwaka 2017, wakati nchi nzima ilikuwa inangoja kura iliyoahidiwa katika mapatano ya tarehe 31 Desemba 2016, Raisi Kabila, ambaye alikuwa hapendi kuhojiwa, alizungumza na gazeti la Der Spiegel la Ujerumani, akasema kwamba yeye hakuahidi kitu. Neno kubwa kama hilo, la kuhusu kura yetu sisi, lilisomwa kwanza na Wajerumani wakinywa kahawa yao. Sisi tulilipata kwa kutafsiriwa, likiwa limepita midomo mitatu.

Na wapo wanaodhani kwamba kusifiwa na magazeti ya ulaya ni sawa na kupendwa nyumbani. Daktari Denis Mukwege wa Panzi, Bukavu, ni mtu tunayemheshimu kwa moyo wote. Amewatibu mama na dada zetu walioharibiwa na vita, na mwaka 2018 alipewa zawadi ya Nobel ya amani. Magazeti ya dunia yalimwuliza maswali mengi katika miaka hiyo. Oktoba 2023 alitangaza kwamba anasimama kwa uraisi. Kura ya Desemba 2023 ilipohesabiwa, Tume ilitangaza kwamba hakupata hata asilimia 1. Twajua kura ile ilikuwa na makosa mengi, na wenzetu wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kabisa kwa sababu ya vita. Hata hivyo fundisho linabaki. Mahojiano ya Paris, hata yakiwa ya kweli na mazuri, hayafiki kwenye shimo la Manguredjipa. Mchimbaji hawezi kumchagua mtu aliyesikia anasifiwa tu, bila kusikia mtu huyo atafanya nini kwa ajili yake.

Mwaka ule ule wa 2023 wajumbe wa wagombea kadhaa walikutana Pretoria, Afrika Kusini, ili kujaribu tena kumpata mmoja. Bw. Matata Ponyo na wengine wakamwachia Bw. Katumbi. Bw. Fayulu na Daktari Mukwege wakaendelea kila mtu na njia yake. Mwisho Bw. Tshisekedi alitangaziwa zaidi ya asilimia 73, Bw. Katumbi karibu 18, Bw. Fayulu karibu 5. Geneva, Nairobi, Pretoria! Ndugu zangu, hivi hakuna hata hoteli moja huko Butembo yenye meza na viti saba?

Tusizungumze juu ya wakubwa peke yao. Waandishi nao wana deni. Kila mtu wa Kongo anaijua desturi iitwayo coupage, yaani bahasha anayopewa mwandishi na yule aliyemwalika kuandika habari zake. Tunaelewa asili yake. Mwandishi ana watoto, na mshahara wake mara nyingi ni mdogo au haupo. Lakini mahojiano yaliyolipiwa na anayehojiwa si mahojiano, ni tangazo la duka. Mwuliza swali hawezi kumbana mtu ambaye dakika tano baadaye atampa nauli ya kurudi nyumbani. Na msomaji hajui. Yeye anaona picha, anaona maswali matamu, anasema, "Kumbe huyu bwana ni hodari!"

Siku hizi limeongezeka jambo jingine. Huku kwetu wachache sana hupata gazeti mkononi. Maneno ya mgombea yanatufikia katika simu, kipande cha sauti cha nusu dakika, kimekatwa mwanzo na kimekatwa mwisho. Mtu amesema, "Nitaondoa jeshi hapa ikiwa..." na sisi tunaletewa "Nitaondoa jeshi hapa". Kijana anakisambaza kwa hasira, na jioni soko zima limekwisha kumhukumu mtu kwa neno ambalo hakulimaliza. Wanaokata vipande hivyo wanajua wanachofanya. Kwa hiyo twawaomba vijana wetu wa mashimoni na wa pikipiki, ambao ndio wenye simu na wenye haraka, wasipeleke mbele kipande cha maneno kabla ya kutafuta mazungumzo mazima. Redio Okapi na redio zetu za Beni na Butembo zipo, na mtu anaweza kungoja saa ya habari.

Je, kwa nini sisi wa Mbau tunalitia jambo hili moyoni kuliko wengine? Kwa sababu tunajua kura ina bei gani. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanachinjwa, kwa panga na kwa risasi, mashambani na vijijini, na makaburi hayana hesabu fupi. Kisha Agosti 2018 ikaja Ebola, iliyoanzia Mangina, na mpaka ilipotangazwa kwisha Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Katika shida hizo zote mbili, Desemba 2018 Bw. Fayulu alikuja Beni kuanza kampeni yake, na watu wakajaa barabarani. Halafu tarehe 26 Desemba, siku nne kabla ya kura, Tume ya Uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga pamoja na nchi. Sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na usalama. Wapiga kura zaidi ya milioni 1 wakawekwa kando, pamoja na wenzetu wa Yumbi.

Tarehe 30 Desemba watu wa Beni walifanya jambo ambalo watoto wetu watalisimulia. Walipanga mistari wenyewe, wakanawa mikono kwa ajili ya Ebola, wakaandika majina katika karatasi, wakatumbukiza, wakahesabu. Kura ile haikuandikwa katika kitabu chochote cha serikali. Tarehe 10 Januari 2019 Tume ikamtangaza Bw. Tshisekedi kwa asilimia 38 na zaidi, Bw. Fayulu karibu 35. Maaskofu wa Kanisa Katoliki, waliokuwa na waangalizi karibu 40,000, wakasema hesabu hizo hazilingani na walizoziona, na gazeti la Financial Times la London likachapisha hesabu nyingine zilizompa Bw. Fayulu ushindi mkubwa. Mahakama ya Katiba ikayakataa malalamiko, na tarehe 24 Januari Raisi akaapishwa. Sisi tulipiga kura ya wabunge tarehe 31 Machi, wakati Raisi ameketi katika kiti zaidi ya miezi miwili.

Hatuyarudii haya ili kufukua hasira. Twayarudia kwa kuwa watu waliopanga mistari bila sanduku la serikali hawawezi kuambiwa kwamba mambo ya kuchagua mgombea ni makubwa kuliko akili zao. Kama tunaweza kupiga kura ambayo haihesabiwi, basi tunaweza pia kuuliza maswali ambayo lazima yajibiwe.

Basi twasema wazi tunayoyataka kabla ya mwaka 2028, kwa upande wa serikali na kwa upande wa upinzani, bila upendeleo.

Kwanza, mgombea aulizwe kabla ya kuchaguliwa na chama chake au na ushirika wa vyama. Asije baada ya sahihi kutuomba makofi. Kama vyama haviwezi kuwapa wanachama wote karatasi ya kura, basi angalau viwape wiki chache za kuwasikia wanaotaka kusimama, wote kwa maswali yaleyale.

Pili, mahojiano yafanywe kwa Kiswahili huku kwetu, na mtu asiyejua Kiswahili alete mkalimani. Kifaransa kina heshima yake, lakini hofu yetu tunailia kwa Kiswahili na kwa Kinande.

Tatu, maneno yote yatolewe, mwanzo hadi mwisho, kama lilivyofanya gazeti lile la New York. Anayekata akatwe yeye katika orodha ya watu wa kuaminiwa.

Nne, mwandishi aseme kama amelipwa, na na nani.

Tano, maswali yatoke kwetu. Hatutaki tena kusikia mgombea akiulizwa kama anaipenda nchi yake, maana hata mwizi wa nchi atajibu ndiyo. Aulizwe hivi: barabara ya kutoka Mbau kwenda Kamango, ambayo watu wameuawa juu yake mara nyingi, utailinda kwa askari gani, na mshahara wao utawafikiaje? Utawala wa kijeshi uliotangazwa kwetu Mei 2021, utauondoa mwezi gani, na kabla ya kuuondoa utaweka nini mahali pake? Mchimbaji wa mkono anadaiwa kadi na kuingia kooperative kwa sheria ya madini. Je, ni machimbo gani utakayompa ili afuate sheria hiyo, au unataka aitwe mkosaji maisha yake yote? Zahabu yetu inavuka mpaka kwa siri na kuandikwa kuwa ya nchi nyingine. Ni nani utakayemkamata, mtoto mwenye gramu mbili mfukoni au mkubwa mwenye kilo? Na mkulima wa kakao aliyekimbia shamba lake, mavuno yake yanayochukuliwa na watu wenye bunduki, atalipwa na nani?

Mtu akiyajibu hayo kwa hesabu na kwa tarehe, tutamsikiliza, awe wa chama chochote na wa kabila lolote. Akisema "nitaleta amani" na kunyamaza, tutamwambia kwamba neno hilo tumelisikia kwa wote waliomtangulia.

Wako watakaotucheka, wakisema wachimbaji wa Mbau wanataka kuwa wahariri wa magazeti. Waache wacheke. Mchimbaji anajua kuosha mchanga. Hachukui kila kinachong'aa. Huweka maji, hutikisa karai, huosha tena, na mwisho hutazama kilichobaki chini. Hivyo ndivyo maswali yanavyopaswa kumfanyia mtu anayetaka kutuongoza.

Kwa hiyo, ndugu, msingoje watu saba wengine wapande ndege. Katika kila kundi la mashimo, katika kila chumba cha sala, katika kila safu ya soko, watu wakae, waandike maswali yao matatu, wayapeleke kwa madepite wetu, kwa makatibu wa vyama na kwa redio zetu. Na mgombea atakapofika Beni na magari yake na ngoma zake, kabla hajapewa kuku na kabla hajavishwa shada la maua, mzee mmoja asimame ampe karatasi hiyo aisome mbele ya watu wote, na ajibu hapo hapo.